Fundi Aliye Nyuma ya Mr. Bean

Kila baada ya muda ujumbe ule ule huzunguka tena kwenye makundi ya WhatsApp: Mr. Bean amefariki. Picha imegeuzwa nyeusi na nyeupe, mshumaa umewekwa pembeni, na chini yake watu wanaanza kumwaga pole. Kundi la ukoo linaupokea, la wanakwaya linaupokea, la tuliosoma pamoja nalo halibaki nyuma. Shangazi yangu huwa wa kwanza kuandika kwamba Mungu ampumzishe, alitufurahisha sana. Nikiwajibu kwamba ni uzushi, kwamba Rowan Atkinson, anayemwigiza Bean, yuko hai huko kwao Uingereza, swali linalorudi ni moja: Rowan ndiye nani tena?

Swali hilo linaniuma, ndiyo maana nimeamua kuandika kwa urefu. Mtu ametuchekesha Moshi nzima, kuanzia Majengo hadi Kiboriloni, na jina lake hatulijui. Zaidi ya hapo, wengi wanaamini kwamba yule tunayemwona kwenye skrini ndiye yeye mwenyewe, mtu aliyezaliwa na kasoro fulani, akawekewa kamera akaendelea na vituko vyake. Nimeisikia hoja hiyo saluni nikinyolewa. Nimeisikia kwenye kijiwe cha bodaboda pale Mbuyuni, kutoka kwa mtu mzima na heshima zake: "Yule ndivyo alivyo." Sivyo alivyo. Yule ni mtu aliyeundwa, na aliyemuunda alisomea ufundi kweli kweli.

Rowan Sebastian Atkinson alizaliwa tarehe 6 Januari 1955 huko Consett, wakati huo mji wa chuma na makaa ya mawe, kaskazini mashariki mwa Uingereza. Baba yake alikuwa mkulima na mkurugenzi wa kampuni. Alisoma shule ya wanakwaya ya Durham, ambako alipita pia Tony Blair aliyekuja kuwa waziri mkuu, kisha akasomea uhandisi wa umeme Chuo Kikuu cha Newcastle. Mwaka 1975 akaingia Oxford kwa shahada ya uzamili katika fani hiyo hiyo. Mada ya utafiti wake ilikuwa mifumo ya udhibiti inayojirekebisha, yaani mtambo unaopima wenyewe pale ulipokosea, kisha unapunguza au unaongeza mpaka ukae sawa. Naomba msomaji aishike hiyo, maana nikimtazama Bean siku hizi naona hesabu hiyo ikifanya kazi: jicho limetoka mno, linarudishwa kidogo, bega limepanda, linashushwa, kimya kimezidi nusu sekunde, kinakatwa.

Oxford ndiko alikokutana na Richard Curtis, mwandishi, na Howard Goodall, mtunzi wa muziki. Ile kwaya unayoisikia mwanzoni mwa kipindi, Bean anapodondoka kutoka juu ndani ya duara la mwanga, ni kazi ya Goodall. Uhandisi aliuacha kama ajira, lakini mapenzi ya mashine hayakumwisha. Mwaka 1981, akiwa tayari anaonekana kwenye runinga, alichukua leseni ya kuendesha malori makubwa ya trela, kwa sababu tu malori yalimvutia. Watu wa Njia Panda ya Himo, wanaoishi na ngurumo za semitrela usiku na mchana, watamwelewa haraka kuliko watu wa Oxford.

Kuna jambo jingine ambalo wengi hawalijui, nalo ndilo lililonifanya nimpende. Atkinson ana kigugumizi. Herufi B ndiyo iliyomsumbua zaidi. Jukwaani alipata unafuu: akishaingia ndani ya mtu mwingine, maneno yanapita. Na pale B ilipokaza aliikandamiza kwa makusudi, akaitamka kwa nguvu kupita kiasi, mpaka watazamaji wakawa wanaisubiri ili wacheke.

Hili nimeliona kwa macho yangu. Mpwa wangu ana kigugumizi. Shule ya msingi aliyosoma kulikuwa na mwalimu aliyependa kumsimamisha asome kwa sauti, darasa zima linacheka, mwalimu naye anatabasamu, na mtoto akaanza kuumwa tumbo kila siku yenye somo hilo. Lakini nyumbani akimwiga padri anavyosoma matangazo ya ndoa, au konda wa Hiace ya Marangu anavyoita abiria, hakwami hata silabi moja. Siku moja nikamwuliza inakuwaje. Akaniambia, "Mjomba, yule si mimi." Nimesoma maelezo mengi ya wataalamu kuhusu kigugumizi na jukwaa, na sijaona lililosema zaidi ya hapo.

Kwa hiyo asije mtu akadhani kwamba Atkinson alikimbilia kimya kwa sababu maneno yalimshinda. Umaarufu wake wa kwanza ulitokana na maneno. Kuanzia 1979 hadi 1982 alikuwa mmoja wa waigizaji wa Not the Nine O'Clock News, kipindi cha BBC kilichokejeli habari na wakubwa. Kisha kikaja Blackadder, misimu minne kati ya 1983 na 1989, kila msimu umewekwa katika zama tofauti za historia ya Uingereza, na yeye katikati akiwa mtu mjanja, mwenye ulimi unaokata kila anayemkaribia. Ukimtoa mtoto wa Moshi aliyemzoea Bean ukamwonyesha Blackadder, atakataa kuwa ni mtu mmoja. Na wale waliokuwa watoto 1994 walimsikia bila kumjua: sauti ya Zazu, yule hondohondo mshauri wa mfalme katika The Lion King, ni yake. Alifanya sauti ya ndege wa nyika zinazofanana na hizi zetu, watoto wa huku wakaipenda, na jina lake likapita pembeni.

Bean alianza kuundwa kabla hajawa na kipindi. Mwaka 1987 Atkinson alikwenda kwenye tamasha la vichekesho la Montreal, Kanada, ambako kuna maonyesho ya Kiingereza na ya Kifaransa. Aliomba apangwe upande wa Kifaransa. Waandaaji walishangaa, maana onyesho lake halikuwa na neno hata moja la Kifaransa. Ndivyo alivyotaka. Alitaka kumweka mtu wake mbele ya watu wasioweza kusaidiwa na Kiingereza, aone kama mwili peke yake unatosha. Huo ni utaratibu wa mhandisi, kufunga mtambo mahali pagumu kwanza ndipo uuze. Nami nikisoma habari hiyo nasema, bila yeye kujua, siku ile alikuwa anatupima na sisi wa Pasua.

Tarehe 1 Januari 1990 kipindi cha kwanza cha Mr. Bean kilirushwa Uingereza. Siku hiyo Tanzania Bara hatukuwa na kituo hata kimoja cha runinga. Zanzibar walikuwa nacho tangu miaka ya 1970; kwetu ITV ilianza 1994, na televisheni ya taifa ikaja mwaka 2000. Ndiyo maana Bean wa kwetu alikuja kwa kanda za video, zilizonakiliwa tena na tena mpaka picha inatetemeka, na baadaye kwa diski za kupanga chini barabarani.

Kibanda tulichokuwa tunakwenda utotoni kilikuwa na mabenchi ya mbao na gunia dirishani la kuzuia mwanga. Filamu za mapigano zilikuja na sauti ya mtafsiri juu yake, anayeeleza, anayetania, anayeongeza na vya kwake. Tulimpenda, pasipo yeye nusu ya filamu ingetupita. Bean akiwekwa, mtafsiri hakuwa na kazi. Chumba kizima kilicheka kwa wakati mmoja, wakubwa na wadogo, aliyemaliza chuo na asiyejua kusoma. Katika kibanda kile sikuwahi kuona jambo hilo kwa mwigizaji mwingine yeyote. Hata kwa filamu tulizozipenda zaidi, kulikuwa na wanaocheka mapema kwa sababu wameelewa, na wanaofuata kwa sababu wenzao wamecheka.

Nichukue kipande kimoja tukitazame kwa karibu, kile cha mtihani, kutoka kipindi cha kwanza kabisa. Bean anaingia chumba cha mtihani, anakaa karibu na kijana mmoja makini. Anaanza kupanga vitu mezani: kalamu moja, nyingine, nyingine, rundo zima, kisha midoli yake. Mpaka hapo hajafanya kosa lolote. Ni mtu anayejiandaa. Kila aliyewahi kukaa kwenye mtihani wa kidato cha nne anamjua mtu huyo. Msimamizi anaruhusu bahasha zifunguliwe. Bean anatoa karatasi, anaisoma, na uso unabadilika taratibu, kwanza macho, kisha mdomo, kisha shingo inaingia ndani ya kola. Swali si la mada aliyosoma. Kuanzia hapo ni vita vya kuchungulia: anajinyoosha, anapiga miayo ya uongo, anasogea nusu inchi, anapuliza karatasi ya mwenzake igeuke. Mwishoni, muda ukiwa umekwisha, msimamizi anataja kwamba kulikuwa na karatasi mbili za mada mbili tofauti. Bean anaingiza mkono ndani ya bahasha, na ile aliyoisomea ilikuwa humo muda wote.

Tazama alichofanya Atkinson. Kichekesho cha kuangalizia kingeweza kumalizika kwa kukamatwa, na sisi tungecheka na kusahau. Yeye aliweka jibu ndani ya bahasha tangu mwanzo. Maana yake kila dakika ya mateso tuliyocheka haikuwa ya lazima, na tunaligundua hilo wakati ule ule anaoligundua yeye. Hayo hayatokei kwa bahati. Mtu amekaa na kalamu, amepanga nini kionekane lini, kisha akaenda kuyafanya kwa uso.

Sasa nije kwenye safari moja ya basi. Watu wa Moshi tunajua njia ya Dar inavyochosha: Mwanga, Same, Hedaru, Mombo, Korogwe, na bado hujafika hata Chalinze. Konda alikuwa ameweka nyimbo za injili asubuhi, watu wakasinzia, akaona aweke Mr. Bean. Pembeni yangu alikaa bibi mmoja wa Rombo, anakwenda kumwona mtoto wake aliyejifungua, na mkungu wa ndizi umewekwa chini ya siti hadi miguu yetu haina pa kukaa. Kiswahili chake kilichanganyika na Kichagga. Hakuwahi kumwona Bean kabla.

Kilikuwa kile kipande cha mgahawa. Bean amekwenda kula peke yake, amevaa lile koti lake la sufu na tai nyekundu. Ameketi. Anatoa kadi mfukoni, anaiandika, anaitia kwenye bahasha, anaiweka mezani. Kisha anaikuta. Anashangaa, anaifungua, anaifurahia, anaisimamisha mezani kila mtu aione. Ni siku yake ya kuzaliwa, na amejiandikia kadi mwenyewe.

Basi zima lilicheka. Bibi hakucheka. Alinigeukia akaniuliza, "Huyu kijana hana ndugu?"

Nikamjibu kwamba sijui, bibi. Akasema mama yake yuko wapi, na mbona hakuna aliyekuja kula naye. Hapo chakula kikaja, nyama mbichi ya kusaga aliyoiagiza bila kujua ni nini, na Bean akaanza kuificha ili aonekane ameimaliza: kwenye bakuli la sukari, ndani ya mkate, ndani ya chombo cha maua, hadi kwenye mkoba wa mama wa meza ya jirani. Bibi sasa akacheka mpaka akavuta ncha ya kitenge kufuta machozi. Lakini tulipoteremka Korogwe kula alirudia tena, safari hii akiwaambia wanawake wengine waliokuwa mezani, kwamba yule mtu si mjinga, yule amekosa watu.

Nimetazama vipindi vyote baada ya hapo nikiwa na swali la bibi yule kichwani, na naamini aliona kitu ambacho wachambuzi wengi wanakipita. Vipindi vyote ni 15. Katika vyote 15 hakuna mama, hakuna baba, hakuna kaka, hakuna jirani anayebisha hodi kuomba chumvi. Ana mdoli wake wa dubu, ana kile kigari cha Mini cha kijani chenye boneti nyeusi anachokifunga kwa komeo na kufuli, na ana mwanamke mmoja, Irma Gobb, anayejaribu kumpenda. Hana mwingine wa karibu. Atkinson mwenyewe amemweleza Bean kuwa ni mtoto ndani ya mwili wa mtu mzima. Kwetu mtoto akikosea kuna anayemrekebisha: bibi, shangazi, hata mpita njia. Bean anajifundisha dunia peke yake, kila asubuhi upya, na dunia haimsemeshi.

Kipindi cha Krismasi cha 1992 ndicho kinachonishinda kukitazama mwezi Desemba. Anaandika kadi za sikukuu, anatoka nje, anazisukuma kupitia tundu la mlango wake mwenyewe, kisha anaingia ndani na kuzipokea kwa furaha. Wote tunakikumbuka kwa sababu ya bata mzinga aliyemkwama kichwani baada ya kuingiza kichwa kutafuta saa yake, na kweli pale anachekesha hadi mbavu zinauma. Ila angalia kinachomtokea Irma. Walikuwa wamesimama mbele ya dirisha la duka la sonara, yeye akamwonyesha kitu anachokitaka. Bean alidhani ameonyesha ile picha ya tangazo, picha ya wawili wapenzi, na ndiyo aliyomnunulia. Irma anavunjika moyo. Kisha Bean anatoa kijiboksi kidogo kama cha pete. Irma anafufuka. Anakifungua, na ndani yake mna kiango cha kutundikia picha. Anaondoka akilia.

Fikiria kipande hicho kikitazamwa Moshi, tarehe 24 Desemba. Ni mwezi ambao mji unafurika. Magari kutoka Dar, Mwanza, Dodoma na Nairobi yanapanda Marangu, Machame, Kibosho na Rombo, kila mtu amerudi nyumbani, na asiyerudi anaulizwa. Migombani kunachinjwa, watu wanahesabiana, wajukuu wanatambulishwa kwa wazee. Hakuna mwezi ambao mtu wa huku anahofia kuwa peke yake kama huo. Na hapo ndipo Atkinson na Curtis walipomweka mtu wao, chumbani, na kadi alizojitumia. Hawakuwa wanatuandikia sisi. Lakini walikwenda chini sana, chini ya lugha, chini ya mila za Waingereza wenyewe, wakaligusa lile tunaloliogopa wote, na ndiyo sababu ninayoiona mimi ya kipindi hiki kuuzwa katika maeneo zaidi ya 190 duniani. Uso unaokunjika pekee usingefika mbali hivyo. Wako wengi wanaokunja uso.

Nitaje pia tukio lililotokea karibu na sisi. Machi 2001 Atkinson na familia yake walikuwa mapumzikoni Kenya. Wakiwa angani kwenye ndege ndogo, rubani akazimia. Atkinson alishika usukani akaihimili ndege hewani mpaka rubani alipozinduka, wakatua salama uwanja wa Wilson, Nairobi, mji ulio karibu na Moshi kuliko Dar es Salaam. Nikiwasimulia watu hapa hudhani natunga. Wanajenga picha ya Bean kwenye usukani wa ndege na kuanza kucheka, na mimi nawaambia hapana, aliyekuwa kwenye usukani ni yule mwingine, mhandisi, mtu aliyezoea kutazama mtambo na kuuliza kinachohitajika sasa ni nini.

Huyo mwingine, kwa maelezo yake mwenyewe, hapendi sana kumwigiza Bean. Amesema hadharani kwamba ni kazi inayomchosha na kumtia wasiwasi, na kwamba mzigo wake si mwepesi. Ukikumbuka jinsi vipande vile vilivyo, unaelewa. Bean hana mwenzake wa kumtupia neno. Kila kicheko kinatoka kwake, na kama bega limekosea, hakuna sentensi itakayokuja kuokoa. Ndiyo maana vipindi ni 15 tu, vilivyotengenezwa kati ya 1990 na 1995. Miaka ile yote, na mavuno ni saa chache ambazo mtu anaweza kuzimaliza kwa mchana mmoja wa mvua.

Hili nalisema kwa ajili ya vijana wetu. Moshi na Arusha zimejaa wachekeshaji wa simu. Ukipita mitaa ya Soweto au Ngarenaro jioni hukosi kuona wawili watatu wanarekodi, mmoja kavaa gauni la mama yake, mwingine kashika simu. Wana vipaji, nasema kwa dhati. Kinachowaua ni kulazimika kutoa kitu kila siku, kwa sababu ukikaa kimya wiki moja watazamaji wamehama. Hakuna muda wa kukitoa kichekesho, kukiona kimelegea wapi, na kukirudisha kwenye karakana. Nikiwatazama naona kipande kizuri kilichohitaji siku tatu zaidi.

Si kwamba njia ya Atkinson ndiyo pekee. Marehemu Amri Athumani, King Majuto wa Tanga, aliyefariki Agosti 8, 2018 pale Muhimbili, alikuwa upande wa pili kabisa. Kichekesho chake kilikaa kwenye ulimi, kwenye lafudhi, kwenye ile namna ya mzee anayejifanya hakusikia. Ukimtafsiri Majuto unapoteza nusu. Kwenye mabasi yetu wawili hawa hupokezana, Majuto mpaka Same, Bean mpaka Mombo, na sijawahi kusikia abiria akilalamika. Lakini hata Majuto, pamoja na wepesi wote ule, alikuwa mtu wa jukwaa kwa miaka mingi kabla kamera haijamfikia. Tulimwona akiwa tayari amekomaa. Vijana wanaona wepesi, hawaoni miaka.

Mwaka 2012 Atkinson alisema kwamba mtu mwenye miaka 50 na kitu akiigiza utoto, inaanza kuhuzunisha. Mwaka huo huo alisimama mbele ya dunia nzima kwenye ufunguzi wa Olimpiki ya London, akiwa katikati ya okestra kubwa ya London Symphony, akibonyeza noti ile ile moja kwa kidole kimoja kwa kuchoka kabisa. Aliendelea kumtoa Bean mara moja moja baada ya hapo, na katuni yake inaendelea, watoto wa leo wanaijua kuliko kipindi chenyewe. Alipewa CBE, nishani ya heshima ya Uingereza, 2013, akaigiza mpelelezi Maigret 2016 na 2017 bila kuchekesha hata kidogo. Yote hayo ni ya kusoma kwingine.

Mimi nataka kumalizia na Man vs. Bee, mfululizo wa vipindi 9 vifupi uliotolewa na Netflix Juni 2022, Atkinson akiwa na miaka 67. Anaigiza Trevor Bingley, mtu aliyeajiriwa kulinda nyumba ya kifahari ya matajiri waliosafiri, akaingia vitani na nyuki mmoja mpaka nyumba ikabaki magofu. Mwili ni ule ule, jicho lile lile, hesabu ile ile. Ila Trevor ameachana na mke, na ana binti. Amemwahidi binti huyo kwenda naye kupiga kambi likizo. Katikati ya vurugu simu inaita, na ni mtoto anayemtafuta baba yake.

Nilisimamisha picha pale. Bibi wa Rombo angefurahi. Kila kitu kinachovunjika ndani ya nyumba ile sasa kinamgharimu binti yake aliye mahali pengine, na mimi nikajikuta namtazama huku nikimhofia, jambo ambalo Bean hakuwahi kunifanyia. Mpwa wangu anabisha. Kwake Bean ndiye kilele, Trevor anaongea mno na vipindi 9 kwa nyuki mmoja ni vingi. Tumeshabishana kuhusu hilo mezani, kwenye Hiace, hadi nje ya kanisa, na Jumapili hii anakuja tena nyumbani na wenzake wawili, tuanze upya kuanzia kile cha mtihani.